Baiskeli Ndani ya Gari Lililofungwa: Jua la Kiangazi Hutenda Nini?

Katika majimbo ya kusini-magharibi mwa Marekani, hususan Arizona na Utah, yako mazoea ambayo msomaji wa Afrika Mashariki huenda akayaona ya ajabu. Mtu mwenye baiskeli haendi nayo kazini kwa kuiendesha, bali huipakia ndani ya gari, akafika nayo kazini, akaiacha humo mchana kutwa. Na jioni, jua likisha kupoa, huendesha gari hadi penye njia za milimani, na huko ndiko baiskeli inakoshushwa. Sababu ya kuifungia ndani badala ya kuiacha juu ya paa ni wezi. Baiskeli ya milimani iliyo bora huweza kuwa na bei iliyo sawa na ya gari lililokwisha kutumika.

Kiangazi cha huko si cha mzaha. Mjini Phoenix, makao makuu ya Arizona, jotoridi la hewa lilifika nyuzi 50 za Sentigredi tarehe 26 Juni 1990, na katika mwaka 2023 zilipita siku 31 mfululizo ambazo kila moja ilifika nyuzi 43 au zaidi. (Phoenix inayotajwa hapa ni mji, wala si ile baiskeli ya Kichina ambayo vijijini Tanzania haihitaji kuelezwa.) Vipimo hivyo huchukuliwa kivulini, mahali penye hewa ipitayo. Ndani ya gari lililofungwa vioo mambo ni mengine kabisa.

Swali linaloulizwa kila mwaka na waendeshaji wa huko ni hili: je, baiskeli iliyofungiwa ndani ya joto la namna hiyo hudhurika? Majibu yanayosikika ni ya pande mbili. Wako wasemao kwamba tairi zitapasuka na fremu italegea. Wako pia wasemao kwamba chuma ni chuma, na jua halijapata kukila. Wote wawili wamekosea, na makosa yao yanafaa kuchunguzwa, maana ndani yake mna sehemu kubwa ya somo la fizikia na kemia lifundishwalo katika shule za sekondari.

KWA NINI GARI HUGEUKA TANURI

Jua la adhuhuri katika anga isiyo na mawingu huleta kiasi cha wati 1,000 juu ya kila mita mraba iliyolielekea. Sehemu kubwa ya nishati hiyo hupita katika kioo bila kizuizi, ikaangukia dashibodi, usukani, viti, na baiskeli iliyolazwa nyuma. Vitu hivyo, hasa vilivyo vyeusi, huifyonza nishati hiyo navyo vikapata joto. Kitu chochote chenye joto hutoa mnururisho wake chenyewe, lakini urefu wa mawimbi yake hutegemea jotoridi lake. Jua, ambalo uso wake una jotoridi la Kelvini 5,800 hivi, hutoa mnururisho wake mkubwa kabisa penye urefu wa wimbi wa mikromita 0.5. Dashibodi yenye nyuzi 60 za Sentigredi, yaani Kelvini 333, hutoa wake penye mikromita 8.7. Kioo huyapitisha mawimbi ya kwanza na kuyazuia ya pili.

Vitabu vingi vya shule huishia hapo, vikasema kwamba joto "limenaswa" na kioo kama panya mtegoni. Maelezo hayo si ya uongo, ila hayataji sababu iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1909 mwanafizikia R. W. Wood wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alitengeneza masanduku mawili ya kadibodi nyeusi. Moja alilifunika kwa kioo, na la pili kwa bamba la chumvi ya mawe, ambayo hupitisha mawimbi marefu ya joto bila taabu. Kama kazi kubwa ya kioo ingekuwa ni kuyazuia mawimbi hayo, sanduku la chumvi lingebaki na baridi. Haikuwa hivyo. Yote mawili yalipowekwa juani, la chumvi ndilo lililotangulia kidogo, kwa sababu chumvi iliruhusu pia sehemu ya mnururisho wa jua ambayo kioo huizuia. Wood alipouchuja mwanga wa jua kwa kioo kingine ili masanduku yote yapate nishati ya aina moja, tofauti kati yao haikufika hata nyuzi moja.

Hitimisho lake lilikuwa kwamba kazi kubwa ya kifuniko ni kuizuia hewa isiondoke. Mahali pa wazi, hewa iliyopata joto hupanuka, ikawa nyepesi, ikapaa, na hewa baridi ikaja kuchukua nafasi yake. Ndio usafirishaji wa joto uitwao myuko. Ndani ya gari myuko huo hauna pa kutokea. Mwalimu atahadhari, hata hivyo, asije akaliambia darasa kwamba Wood amebatilisha kazi ya kaboni dioksaidi katika angahewa. Sayari ya Dunia haina namna ya kupeleka joto lake katika anga za juu kwa myuko, kwani huko hakuna hewa. Njia yake ni mnururisho peke yake, na hapo gesi zenye kufyonza mawimbi marefu zina nguvu kamili. Jina moja limetumika kwa mambo mawili yasiyofanana sana, na lawama ni ya jina.

Gari dogo huwa na hewa ya mita za ujazo 3 hivi, ambayo uzito wake ni kilogramu 3.4. Kuipandisha jotoridi kwa nyuzi 20 kunahitaji kilojuli 70 tu. Ikiwa vioo vinapitisha nishati ya jua ya kilowati 1, hesabu inaonyesha kwamba kazi hiyo ingemalizika kwa sekunde 70. Kwa kweli huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu jua halipashi hewa moja kwa moja: hupasha kwanza viti na dashibodi, navyo ndivyo vinavyoipasha hewa, na wakati huohuo sehemu ya joto hutoroka kupitia mabati na vioo. Lakini hata hivyo ni haraka kuliko watu wanavyodhani. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics, uliofanywa siku ambazo hewa ya nje ilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36, ulionyesha kwamba jotoridi ndani ya gari liliongezeka kwa wastani wa nyuzi 22 katika saa moja, na kwamba asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha upenyo mdogo wa dirisha hakukusaidia kitu cha maana.

Jina la jarida lenyewe linaonyesha kwamba uchunguzi huo haukufanywa kwa ajili ya baiskeli: Pediatrics ni jarida la tiba ya watoto. Nchini Marekani, tangu mwaka 1998, watoto zaidi ya 1,000 wamekufa kwa joto ndani ya magari, wengi wao wakiwa wamesahauliwa na wazazi wao. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Vipimo vya joto la ndani ya gari vitakavyotumika hapa kuhusu mpira na betri vilipatikana kwa kutafuta jibu la jambo hilo zito zaidi.

Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, watafiti walipima magari mjini Tempe, jirani na Phoenix, katika siku za kiangazi ambazo hewa ya nje ilipita nyuzi 38. Baada ya saa moja juani, hewa ndani ya gari ilikuwa na wastani wa nyuzi 47, viti nyuzi 51, usukani nyuzi 53, na dashibodi nyuzi 69. Katika magari yaliyokuwa kivulini, hewa ilikuwa nyuzi 38, viti 41, usukani 42, na dashibodi 48. Tarakimu hizi zinafundisha kwamba hakuna "jotoridi la gari" moja. Sehemu ya baiskeli iliyo chini ya kiti itakuwa karibu na nyuzi 47. Tairi jeusi lililoegemea kioo cha nyuma huenda likakaribia hali ya dashibodi.

HEWA NDANI YA TAIRI

Mfaransa Guillaume Amontons, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 17, alitambua kwamba hewa iliyofungiwa mahali pasipotanuka huongeza kanieneo yake, yaani msukumo wake juu ya kila eneo, kwa kadiri inavyopashwa joto. Leo kanuni hiyo huandikwa kwamba kanieneo ikigawanywa kwa jotoridi haibadiliki. Tairi si chombo kisichotanuka kabisa, lakini kutanuka kwake ni kudogo, kwa hiyo kanuni inafaa.

Na ichukuliwe baiskeli ya milimani iliyojazwa hewa asubuhi, jotoridi likiwa nyuzi 25, hadi geji ya pampu ikaonyesha kilopaskali 200. Mchana tairi likafika nyuzi 69. Kanieneo itakuwa ngapi? Mwanafunzi mwenye haraka atagawanya 69 kwa 25, atazidisha kwa 200, na kupata 552. Huyo amelipasua tairi kwa kalamu kabla jua halijaligusa. Kosa lake ni kutumia nyuzi za Sentigredi, ambazo sifuri yake ni baridi ya barafu, badala ya Kelvini, ambayo sifuri yake ni sifuri ya kweli. Mwenzake aliye mwangalifu zaidi atatumia Kelvini 342 na 298, na kupata 230. Naye amekosea, ingawa kosa lake limejificha. Geji haipimi kanieneo yote ya hewa iliyo ndani. Hupima ile tu iliyozidi kanieneo ya angahewa, ambayo ni kilopaskali 101 usawa wa bahari. Hewa ya ndani ina kilopaskali 301 kwa hakika. Hiyo ndiyo ya kuzidishwa kwa 342 na kugawanywa kwa 298, ikawa 345. Kisha ile 101 iondolewe, geji isome 244.

Ongezeko ni la kilopaskali 44. Tairi la baiskeli ya milimani aghalabu huvumilia zaidi ya kilopaskali 300, kwa hiyo halipasuki. Baiskeli ya mashindano ya barabarani, yenye tairi nyembamba, ni habari nyingine: ikijazwa kilopaskali 700, kwa hesabu hiyohiyo itafika 818, na ikiwa ilikwisha kujazwa hadi ukomo ulioandikwa ubavuni mwa tairi, ukomo huo utapitwa. Mlio wa kupasuka unaosikika wakati mwingine ndani ya gari huwa na sababu nyingine iliyotangulia: tairi lililozeeka, ukingo ambao haukukaa vizuri katika ringi, au hewa iliyopigwa kwa pampu isiyo na geji, mpigaji akipima kwa kidole gumba. Joto huwa tone la mwisho tu.

Kuna mtego, hata hivyo, usiozungumzwa sana nao ndio humwangusha mwendeshaji. Mtu afungua gari saa kumi alasiri, aona tairi zimekuwa ngumu, apunguza hewa hadi geji isome 200 akidhani amefanya jambo la busara. Tairi wakati huo lina nyuzi 50. Kesho alfajiri yuko katika korongo la Utah, ambako jangwa hupoteza joto lake upesi usiku na jotoridi ni nyuzi 15. Kilopaskali 301 zikizidishwa kwa 288 na kugawanywa kwa 323 huwa 268. Geji itasoma 167. Kwenye mwamba wa kwanza ringi hugonga jiwe, mpira wa ndani ukabanwa kati yake, ukatoboka matundu mawili sambamba. Mwendeshaji hulaumu jiwe.

KICHUPA KIDOGO CHENYE SIRI KUBWA

Katika mfuko unaofungwa chini ya kiti cha baiskeli za siku hizi mara nyingi hukaa kichupa cha chuma chenye gramu 16 za kaboni dioksaidi. Likitobolewa njiani, kichupa hicho hulijaza tairi kwa sekunde chache, na mtu huepukana na taabu ya pampu. Kati ya vitu vyote vya baiskeli vinavyoachwa ndani ya gari, ni hiki na betri vinavyostahili kuogopwa. Juu yake kwa kawaida huandikwa onyo la kutokizidisha nyuzi 49 au 50. Msomaji huenda akajiuliza: ikiwa tairi linastahimili ongezeko la nyuzi 40, chuma kitashindwaje?

Jawabu ni kwamba ndani ya kichupa hamna hewa ya kawaida. Penye nyuzi 20 sehemu kubwa ya kaboni dioksaidi hiyo ni kimiminika, na juu yake pana mvuke wenye kanieneo ya kilopaskali 5,700 hivi. Kama ingefuata kanuni ya Amontons, kuipasha hadi nyuzi 50 kungeongeza kanieneo kwa sehemu moja ya kumi, iwe kama 6,300. Lakini kimiminika nacho hutanuka kadiri joto linavyopanda, kikaila nafasi ya mvuke, mvuke ukabanwa. Na penye nyuzi 31 hutokea jambo ambalo Thomas Andrews, mwalimu wa kemia mjini Belfast, alilieleza mwaka 1869: mpaka kati ya kimiminika na mvuke hufifia na kutoweka, na tangu hapo hakuna tena kimiminika wala mvuke, bali kitu kimoja kilichojaa chombo chote. Kupita jotoridi hilo, hata mtu akiibana gesi hiyo kwa nguvu gani, haiwi kimiminika. Hii ndiyo maana ya jotoridi kikomo.

Ikiwa kichupa kimejazwa kwa kiasi cha gramu 700 kwa kila lita, basi penye nyuzi 50 kanieneo yake hufika kilopaskali 15,000 hivi. Imekaribia kuwa mara tatu ya ilivyokuwa penye nyuzi 20, ilhali kanuni ya shuleni ilitabiri ongezeko la sehemu moja tu ya kumi. Vichupa hutengenezwa kwa chuma kinene ili kuhimili zaidi ya hapo, na havipasuki ovyo. Lakini aliyekiweka juu ya dashibodi yenye nyuzi 69 amekula akiba yote ya usalama ambayo mhandisi alimwekea. (Mji huohuo wa Belfast ndio ambamo John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, alitengeneza tairi lake la kwanza la hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, katika miaka ya 1887 na 1888. Andrews alikuwa amekwisha kufariki. Hakupata kuona tairi wala kichupa.)

MPIRA, GUNDI NA UTOMVU

Mpira mbichi hunata wakati wa joto na kukauka kama ganda wakati wa baridi. Charles Goodyear, Mmarekani, alipogundua mwaka 1839 kwamba ukipashwa joto pamoja na salfa hupata uthabiti, alikuwa amezifunga molekuli zake ndefu kwa vifundo vya salfa, mithili ya wavu. Tairi la leo ni mtoto wa ugunduzi huo. Nyuzi 50 au 60 haziyeyushi wavu huo. Zinachofanya ni kuharakisha kuzeeka kwake: oksijeni ya hewa huikata minyororo ya molekuli polepole, na kama ilivyo kwa tendo lolote la kikemia, joto huliongezea kasi.

Wanakemia wana kanuni ya kukisia, isiyo sahihi sana lakini yenye manufaa, kwamba kasi ya matendo mengi huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10. Kutoka nyuzi 25 hadi 47 kasi hiyo itakuwa imeongezeka zaidi ya mara nne. Siku moja ya kazi ya saa 8 ndani ya gari ni kama siku moja na nusu kivulini. Kwa siku moja si kitu. Kwa viangazi vitano, mtu atajiuliza kwa nini ubavu wa tairi umejaa nyufa ilhali meno yake bado mapya. Mionzi ya jua ya urujuanimno nayo husaidia uharibifu huo, ingawa kioo huzuia sehemu yake iliyo kali.

Viraka vya kubandika vyenye gundi yake tayari, visivyotumia solusheni, hulegea kwa joto na kuteleza juu ya mpira wa ndani. Kiraka kilichopakwa solusheni kikakaushwa ipasavyo hushika zaidi. Fundi yeyote wa baiskeli wa Tabora au Shinyanga angesema hivyo pasipo kusoma makala.

Baiskeli nyingi za milimani sasa hazina mpira wa ndani. Badala yake humwagwa ndani ya tairi utomvu wa mpira uliochanganywa na maji na vitu vingine; mwiba ukitoboa, utomvu hukimbilia tundu, hugandamana na kuliziba. Joto hukausha maji yake. Utomvu ambao mahali pa baridi ungedumu miezi kadhaa hugeuka mabonge makavu mapema zaidi ndani ya gari la Arizona, na mwenye baiskeli hana habari hadi siku ya mwiba. Katika safari ya jangwani, iliyo mbali na maji na mbali na watu, hasara hiyo haiishii kwenye tairi.

FREMU NA BREKI

Hapa maneno hayana haja ya kuwa mengi. Alumini huyeyuka penye nyuzi 660, na chuma cha pua mbali zaidi. Epoksi iunganishayo nyuzinyuzi za kaboni katika fremu za bei kubwa huokwa kiwandani katika joto linalopita nyuzi 100. Bomba la alumini la kiti lenye kipenyo cha milimita 31.6 likipata ongezeko la nyuzi 45 hutanuka kwa sehemu 33 za elfu za milimita, kiasi ambacho huweza kulibana zaidi ndani ya fremu ya kaboni isiyotanuka, lakini likipoa hurudi.

Kuhusu breki, historia ya chombo chenyewe inatosha kuwa jibu. Baiskeli ya milimani ilizaliwa katika miaka ya 1970 kwenye miteremko ya Kaunti ya Marin, California, ambapo vijana walishindana kushuka njia moja ya vumbi kwa baiskeli kuukuu zenye breki ndani ya kitovu cha gurudumu. Shindano la kwanza lilifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Breki zilipata joto kiasi cha kuunguza grisi yote ikatoka moshi, na baada ya mteremko mmoja kitovu kilipaswa kufunguliwa na kujazwa grisi upya. Njia ile ikaitwa Repack, yaani kujaza upya. Mafuta ya breki za leo ya daraja liitwalo DOT 4, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 230, na hata yakisha kunywa maji kutoka hewani hustahimili hadi nyuzi 155. Gari lililofungwa haliwezi kuwatisha. Kinachodhuru zaidi ni kuilaza baiskeli kichwa chini, maana hewa iliyo katika kichupa cha mafuta huingia ndani ya bomba, na breki ikawa laini.

BETRI

Baiskeli za umeme zimeongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne hii, na betri zake ni za lithiamu, za ukoo uleule uliowapatia Goodenough, Whittingham na Yoshino Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Ndani ya betri hiyo, juu ya elektrodi hasi, kuna utando mwembamba unaojijenga wenyewe kutokana na elektroliti. Utando huo ni wa lazima: bila huo elektroliti ingeendelea kuliwa. Lakini joto huufanya unenepe, na kila unaponenepa humeza lithiamu ambayo haitarudi kubeba chaji tena. Betri iliyojaa pomoni hudhurika zaidi kuliko iliyojaa nusu, kwa sababu volteji kubwa huzidi kuichokoza elektroliti. Kwa hiyo mtu anayeijaza betri usiku kucha na kuiacha garini mchana ameunganisha maadui wawili. Hasara hiyo haionekani siku ileile. Huonekana mwakani, mlima uleule unapoanza kuishinda betri katikati ya njia.

Hatari ya moto ni jambo la pili. Utando uliotajwa huanza kuvunjika kati ya nyuzi 80 na 120, nao ukivunjika hutoa joto lake wenyewe, ambalo huvunja zaidi, mpaka mambo yasizuilike. Nyuzi 47 au 69 ziko chini ya mpaka huo, na betri nzima haitawaka kwa ajili ya gari peke yake. Betri iliyowahi kuanguka na kubonyea, au iliyotengenezwa ovyo, haina uhakika huo. Betri nyingi hutoka kwenye fremu kwa ufunguo mmoja. Hakuna sababu ya kuiacha humo. Kwa baiskeli yenyewe, kivuli na shuka nyeupe iliyotandazwa juu yake hutosha.

JARIBIO LA DARASANI

Shule haihitaji bamba la chumvi ili kurudia jaribio la Wood. Karatasi nyembamba ya nailoni ya polithini, isiyo na rangi, hupitisha sehemu kubwa ya mawimbi marefu ya joto ambayo kioo huyazuia, na hupatikana dukani. Yatengenezwe masanduku mawili ya kadibodi yaliyo sawa kwa kila hali, yapakwe masizi ndani, na kila moja liwekewe kipimajoto ambacho balbu yake imekingwa na kipande cha kadibodi isipigwe na jua moja kwa moja. Moja lifunikwe kwa kioo cha dirisha, la pili kwa polithini iliyokazwa. Kipande cha pili cha kioo kisimamishwe mbele ya kila sanduku, bila kuligusa, ili mwanga uingiao uwe wa aina moja. Sanduku la tatu liachwe wazi. Vipimo vichukuliwe kila baada ya dakika 2 kwa nusu saa, na grafu ichorwe.

Wanafunzi walioona mashamba ya maua ya Naivasha au Arusha, ambayo nyumba zake nyingi zimeezekwa kwa plastiki badala ya kioo, watakuwa na la kusema kabla ya jaribio kuanza. Masanduku yawe makavu kabisa, kwani matone ya maji yakitanda upande wa ndani wa polithini huyazuia mawimbi marefu kama kioo kifanyavyo, na matokeo ya masanduku yote mawili yatalingana kwa sababu isiyokusudiwa. Siku yenye upepo mkali nayo haifai, maana polithini nyembamba hupapatika na kuvuta hewa ya nje pembeni mwa sanduku.